Besi ya Mtindo wa Zamani: Kuinunua, Kuifungua na Kuitunza Gitega na Muyinga

Kama unaishi Gitega au Muyinga na moyo wako umeshikwa na gitaa la besi, tafuta lile la mtindo wa zamani: nyuzi nne, mikro moja au mbili, nobu mbili au tatu, betri hakuna. Nayapenda magitaa haya kwa sura na kwa sauti, lakini ushauri wangu una sababu nyingine pia. Gitaa la namna hiyo hufunguka lote kwa bisibisi, na karibu kila kilichomo ndani yake fundi redio wa mtaani anakijua. Likinyamaza Jumamosi jioni baada ya mazoezi ya kwaya, Jumapili asubuhi linaweza kuwa kanisani linapigwa. Besi za kisasa zenye betri na sakiti yake ndogo hazikupi nafasi hiyo. Kidude kimoja kikiungua, unasubiri mtu atoke Bujumbura, Kigali au Dar es Salaam.

Urahisi huo haukuja kwa bahati. Leo Fender, aliyetoa Precision Bass mwaka 1951, alikuwa fundi redio mwenye duka la matengenezo huko Fullerton, California. Alichora chombo kama fundi anayejua kwamba siku moja kitarudi mezani kwake: shingo imefungwa kwa skrubu nne, mikro zimefungwa kwa skrubu, nobu zimepangwa kwenye bamba unaloweza kulinyanyua. Mwaka 1957 mikro ya Precision ikagawanywa vipande viwili, na mwaka 1960 ikaja Jazz Bass yenye shingo nyembamba na mikro mbili. Nikisema mtindo wa zamani ninamaanisha michoro hiyo miwili na nakala zake nyingi, hata iliyotoka kiwandani mwaka jana. Kuna pia Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla aliyoipiga Paul McCartney. Nayo ni nzuri, na ni fupi zaidi kwa mwenye mikono midogo.

Sauti yenyewe unaijua tangu utotoni. Waliokulia kwenye redio zilizonasa Kinshasa waliisikia kwa De La Lune wa OK Jazz, na baadaye kwa Mpudi Decca katika bendi hiyohiyo ya Franco: nene, fupi, imekaa chini ya magitaa ya solo bila kugombana nayo. Huko Detroit, James Jamerson aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown alitumia Precision ya mwaka 1962, nyuzi bapa asizopenda kuzibadilisha, na kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja. Siri hiyo ya sponji haina gharama. Kata kipande cha godoro chakavu, unene wa kidole, kiingize chini ya nyuzi karibu na daraja, kisha piga. Ukikisukuma zaidi sauti inakufa haraka, ukikilegeza inarefuka. Fanya hivyo kabla hujatumia hata faranga moja kutafuta “sauti ya zamani” dukani.

Kununua

Mlango mkuu wa bidhaa zinazokuja kwa barabara kutoka Dar es Salaam ni mpaka wa Kabanga na Kobero, na mji wa kwanza mkubwa baada ya hapo ni Muyinga. Kwa hiyo aliye Muyinga ana nafasi nzuri ya kumwagiza msafiri nyuzi, waya au gitaa lenyewe. Popote unaponunua, jina lililoandikwa kichwani lisikupumbaze, maana stika hubandikwa na yeyote. Lipime gitaa lenyewe.

Beba futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kwenye mfupa wa kichwani, pale nyuzi zinapoingia shingoni, hadi katikati ya freti ya 12. Besi ya kawaida itakupa sentimita 43.2, kwa sababu urefu mzima wa uzi ni milimita 864. Ile fupi itakupa sentimita 38.1. Kisha pima kutoka freti ya 12 hadi daraja: uone urefu uleule na ziada ndogo ya milimita chache. Kama vipimo viwili vimepishana sana, daraja limefungwa mahali pasipo pake, na gitaa hilo halitaimba sawa kwenye freti za juu hata ulipe fundi wa aina gani. Liache.

Baada ya futi, tumia jicho. Shika gitaa kama unalenga shabaha, angalia kutoka kichwani kwenda mwilini. Shingo iliyopinda kidogo mbele si tatizo. Iliyojisokota, upande mmoja ukiinuka kuliko mwingine, ni kuni. Muombe muuzaji akuonyeshe nati ya chuma kilichopita ndani ya shingo, na uone kama meno yake bado mazima. Katika nakala nyingi za zamani nati hiyo iko upande wa mwilini, na huifikii vizuri mpaka ufungue shingo. Muuzaji akikataa kufungua, punguza bei au ondoka. Nobu zinazokwaruza, jeki inayolegea na kutu kwenye skrubu havikuogopeshi, ni kazi ya nusu saa.

Shingo, mahali pa subira

Hapa ndipo wapenzi wengi hukata tamaa mapema, wakidhani gitaa lao ni bovu kumbe halijarekebishwa. Nyuzi nne za besi huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, usiku na mchana. Chuma kilicho ndani ya shingo kipo ili kushindana na mvuto huo. Mbao nazo hunywa unyevu wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, kile cha Juni hadi Agosti ambacho huku kwetu huitwa ici. Shingo uliyoiacha vizuri mwezi wa Aprili, Julai utaikuta imehama. Vidole vyako vitakuambia kwanza: ncha za freti huanza kukwaruza kiganja, kwa kuwa mbao imesinyaa na chuma hakikusinyaa. Kwa hiyo hesabu marekebisho mawili kwa mwaka, moja kiangazi kikishika, jingine mvua zikirudi.

Kupima hakuhitaji mashine. Linganisha nyuzi kwanza, mi, la, re, sol, kwa sababu shingo hupimwa ikiwa inavutwa. Bonyeza uzi wa mi kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono wa pili. Sasa uzi huo umekuwa rula iliyonyooka. Angalia nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Unataka milimita 0.3 hadi 0.4. Fundi pikipiki ana fila za kupimia valvu, muazime. Ukimkosa, chukua karatasi ya fotokopi ya gramu 80, ambayo unene wake ni kama milimita 0.1, na ukate vipande saba. Vitatu au vinne vikipita kwa kugusa kidogo bila kuunyanyua uzi, shingo yako ni sawa. Visipopita kabisa, shingo imenyooka mno na utasikia nyuzi zikipiga freti. Vikipita sita au saba, imepinda na nyuzi zitakuwa juu.

Ukikaza nati kwa kufuata mshale wa saa, shingo inanyooka. Ukilegeza, inapinda mbele. Zungusha robo mzunguko, si zaidi, ukiwa umelegeza nyuzi kidogo. Linganisha tena, pima tena. Halafu liache gitaa lilale, kwa sababu mbao huendelea kusogea baada ya mkono wako kuondoka. Nati ikigoma, usishindane nayo. Toa nyuzi, weka tone la mafuta ya cherehani kwenye meno, subiri hadi kesho. Chuma kikikatika ndani ya shingo hakuna fundi wa kukiunga bila kubandua ubao wa freti.

Shingo ikitulia ndipo ushuke kwenye daraja. Mpangilio huo usiugeuze, kwani kimo cha nyuzi unachokipata kabla ya shingo kutulia ni cha uongo. Weka nyuzi milimita 2 hadi 2.5 juu ya freti ya 17, uzi wa mi ukiwa juu kidogo kuliko wa sol. Wenye mkono mzito waongeze. Mwisho kabisa, sawazisha sauti za juu: gusa uzi bila kuubonyeza juu ya freti ya 12 na uusikie ukilia kwa sauti nyembamba, kisha ubonyeze hapohapo na upige. Sauti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, sogeza kiti cha uzi huo, kilichopo darajani, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele.

Wengi hutumia simu kulinganisha nyuzi, na simu hupotea kwenye uzi wa mi, ambao hutetemeka mara 41 tu kwa sekunde. Maikrofoni ndogo ya simu haiusikii vizuri. Gusa uzi kwenye freti ya 12, upate sauti ya mara 82, simu itaisoma bila shida.

Umeme wa ndani

Fungua bamba. Utaona mikro, ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, potensiometa mbili au tatu ambazo mafundi redio huziita voliumu, kapasita moja, na jeki. Basi. Piga picha kabla hujagusa waya wowote.

Gitaa likiwa kimya, chomeka waya wake, fungua nobu zote hadi mwisho, na upime kwa mita kwenye ncha ile nyingine ya waya, ukiwa umechagua kipimo cha omu. Precision hutoa kiasi cha kiloomu 10 au 11. Jazz ina kama 7 au 8 kwa kila mikro, na mbili zikifunguliwa pamoja utaona karibu nusu ya hapo. Ukiona sifuri, kuna nyaya zinazogusana, mara nyingi kwenye jeki. Ukiona namba kubwa inayokaribia 250, mikro imekatika na unachokipima ni voliumu yenyewe, kwa sababu voliumu za besi hizi huwa za kiloomu 250. Kwa mpigo mmoja wa mita umejua ugonjwa uko wapi.

Kapasita ya toni ndiyo mchezo wangu ninaoupenda, na ni wa bei ndogo mno. Kwenye redio zilizokufa za fundi yeyote zimejaa tele. Tafuta iliyoandikwa 473, yaani mikrofaradi 0.047, inayotumika katika besi nyingi za leo. Kisha tafuta ya 104, mikrofaradi 0.1, iliyokuwa katika Precision za mwanzo. Ukiilehemu hiyo ya pili na kufunga toni hadi mwisho, sauti inazama na kuwa ya giza kama rekodi za miaka ya 1950. Volti zilizoandikwa juu yake zisikusumbue, umeme wa mikro ni mdogo sana. Anza na pasi ya lehemu ya wati 30 au 40. Pasha moto kile unachounganisha, si lehemu, na usikawie juu ya voliumu, joto huiua.

Mngurumo ukiwa mkubwa, gusa nyuzi kwa mkono. Ukipungua, gitaa lina hali nzuri. Usipobadilika, au ukiongezeka, tafuta waya mwembamba unaopita kutoka daraja kwenda kwenye mgongo wa voliumu; mara nyingi umekatika au haukuwahi kulehemiwa. Mwenye Jazz afungue voliumu zote mbili sawasawa, mngurumo wa mikro moja utafuta wa nyingine. Precision ya mikro iliyogawanywa hufanya hivyo yenyewe, na kwa mtu anayepiga chini ya taa za mirija kando ya jenereta, hiyo peke yake ni sababu ya kuichagua.

Sasa jambo ambalo naomba usilipite haraka. Katika kumbi na makanisa mengi, soketi haina waya wa ardhi unaofanya kazi, au amplifaya imewekewa plagi ya miguu miwili. Mpiga besi anashika nyuzi, mdomo wake unagusa maikrofoni iliyotoka kwenye mashine nyingine, na mwili wake unakuwa njia ya umeme wa volti 220. Watu wamekufa hivyo jukwaani katika nchi nyingi. Kabla ya kuimba, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Volti moja au mbili si hatari. Zikifika makumi, zima vyote, chomeka mashine zote kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi, upime upya. Bado zipo? Usiimbe kwenye maikrofoni hiyo. Na amplifaya ya zamani ya taa za kioo (vali), hata kama umechomoa plagi, ina kapasita zinazohifadhi mamia ya volti. Hiyo mpelekee fundi anayejua kuzimaliza, mapenzi yako yaishie kwenye gitaa.

Kuhusu spika neno moja tu: spika za redio ya nyumbani hazikuumbwa kubeba besi kwa sauti kubwa, karatasi zake zitachanika. Pigia humo taratibu, au kwa hedifoni.

Mbao za huku

Anayetaka kutengeneza mwili wa gitaa akianzia Gitega ana bahati. Jirani tu iko Gishora, mahali pa ngoma za kifalme, na ngoma hizo huchongwa kwenye mti wa umuvugangoma, ambao Tanzania wengine huuita mringaringa. Mbao zake si nzito, zinachongeka vizuri, hazijipindi ovyo. Besi yenye mwili wa milimita 45 haitakuvunja bega kwa saa tatu za ibada. Lakini usikate mti kwa ajili ya gitaa. Tafuta ubao wa kabati au kitanda kilichovunjika: umeshakauka miaka mingi, wakati ubao mbichi wa unene huo utakula karibu miaka miwili kivulini. Grevilea inafaa. Mkaratusi ni mzito na hupasuka, nisingeuweka mwilini.

Shingo, nakusihi, usianzie huko. Chukua shingo nzima ya gitaa lililokufa, uifunge kwenye mwili uliouchonga. Siku utakapotaka kukata freti mwenyewe, hesabu ni hii: gawa urefu wa uzi kwa 17.817. Kwa 864 unapata milimita 48.49, hapo ndipo freti ya kwanza. Toa hiyo kwenye 864, kilichobaki gawa tena kwa 17.817, uongeze, na freti ya pili itaangukia 94.26. Pima kila freti kutoka mfupa wa kichwani, usipime kutoka freti iliyotangulia, la sivyo makosa madogo yanajumlishana.

Na ukiwa Gishora kwa ajili ya mbao, kaa usikilize. Ngoma ya inkiranya iko katikati na inaongoza, ibishikizo zinaifuata, lakini amashako ndizo zinazoshikilia mapigo bila kuchoka wala kutafuta sifa. Mpiga besi akijifunza kukaa kwenye amashako, ana nusu ya kazi mkononi kabla hajajua skeli hata moja.

Kushirikiana

Hakuna anayehitaji kumiliki vifaa vyote. Watu watano wa miji hii miwili wanatosha: mmoja awe na mita, mwingine pasi ya lehemu, mwingine fila na spana za aleni za milimita na za inchi, mwingine faili ndogo za kupunguza ncha za freti. Atakayeagiza nyuzi aagizie wote. Wazee waliopiga besi katika orkestra za zamani waalikeni, na wapewe gitaa mkononi kabla ya kuulizwa maswali. Vidole vyao hueleza mengi. Kila gitaa liwe na ukurasa wake kwenye daftari la kikundi: tarehe, nafasi ya freti ya 7, kimo cha nyuzi, kiloomu za mikro, aina ya nyuzi. Baada ya viangazi viwili mtakuwa mnajua shingo ipi hukimbia na ipi hutulia, na mtaacha kubahatisha.

Gari la Muyinga kwenda Gitega kupitia Karusi mara nyingi hujaa, na juu ya paa si mahali pa gitaa. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne, funga shingo kwenye blanketi na mwili kwenye begi la mgongoni, upakate vyote. Ukifika na kufunga tena, weka skrubu tunduni na uizungushe kwanza kinyume na mshale wa saa, taratibu, mpaka usikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani. Ndipo ukaze, mbili za kona kwa kona kwanza, kisha zilizobaki, halafu nyuzi.